Mutu mwenye hana wa kumuulizia

Miaka tatu nilifanya kazi ya protokole hapa Lubumbashi. Kwa wale hawajui kazi hiyo, protokole si mutu wa serikali, ni mutu mwenye kampuni inamulipa ili mugeni wake apite kwenye kiwanja ya ndege bila kusimama. Ndege inatua pa Luano, mimi niko tayari chini na kibao cha jina, nachukua pasipoti na karti ya njano (ile ya chanjo) na fomu, mugeni anaenda kukaa kwenye gari yenye klima, na mimi ndiye napita gisheti kwa gisheti, nasalimia chefu, naulizia watoto wake, naacha kile kampuni ilinituma kuacha, kashe inapigwa, basi. Dakika kumi na tano. Nilijua waekspatriye wa migodi wenye walikaa Katanga miaka mbili mizima bila kuangaliana macho kwa macho na afisa hata mumoja wa mpaka wa nchi yetu, juu pasipoti zao zilikuwa zinatembea ndani ya mukono yangu.

Ndani ya ndege ile ile kulikuwa watu wengine. Wamama wenye wanaleta bidhaa kutoka Dubai, wanafunzi, na hasa wale tunawaita Westafu, watu wa Mali, wa Guinea, wa Senegal, wenye maduka huku mjini. Wale walikuwa hawana protokole. Walikuwa wanasimama mustari wote, kiisha wanaambiwa "simama kando", kiisha wanaingizwa kwenye kale kabiro ka pembeni, na mimi naondoka na muzungu wangu wakingali kule. Viza zao zilikuwa nzuri, mara nyingine nzuri kupita za wageni wangu, niliziona.

Kuna jambo moja lilinikamata na halijanitoka mpaka leo. Siku za kwanza, nikifika pa gisheti na pasipoti ya mutu, afisa hakuniuliza "viza yake iko wapi" wala "anakuja kufanya nini". Aliniuliza: "Huyu ni wa nani?" Nikitaja jina la kampuni, kazi imeisha. Mutu akikosa jina la kutajiwa, hapo njo maswali yanaanza. Nilichukua kama ni mambo ya Kongo, trakaseri yetu ya kila siku. Ilinibidi nitoke mimi mwenyewe ili nione kama swali hilo linaulizwa dunia mzima, hata kule wanapima vidole kwa mashine.

Nilitoka mwaka 2022 kwa formasio ya wiki 3 kule Ulaya. Nchi na kiwanja cha ndege naviacha. Nilikuwa na kila kitu, na kwa mutu wa Lubumbashi "kila kitu" ni mulima. Anza na pasipoti. Tangu mwisho wa 2015 pasipoti ya biometri ya Kongo iliuzwa dola 185, na mwaka 2017 waandishi wa Reuters walionyesha kwamba ndani ya dola hizo serikali ilikuwa inabaki na 65 tu, zingine zinaenda kwa makampuni ya inje yenye walifanya kontra, yaani mwanafunzi wa Kamalondo alikuwa anatajirisha watu wenye hatawaona milele ili tu apate ruhusa ya kutoka kwao. Ni kiisha makelele na kiisha ile kontra kufika mwisho njo bei ilishuka, ikawa 99 mwaka 2020. Kiisha viza. Dosie yangu ilibidi niipeleke mwenyewe Kinshasa, zaidi ya kilometa 1.500 kwa ndege kutoka hapa, na barabara ya kueleweka hakuna, basi ongeza tikiti, ongeza go-pass yenye kila abiria anapaswa kulipa kabla ya kupanda (walianza na dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa ya inje), ongeza siku za kulala kwa ndugu ukingoja rendevu. Viza ya Schengen yenyewe, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, wakati ule ilikuwa euro 80, tangu tarehe 11 June 2024 ni euro 90, na wakikukatalia hawarudishe hata senti moja. Nilihesabu siku moja usiku, nikaona nimetumia mishahara ya miezi nne kabla sijakanyaga ndege.

Nilipofika walinitoa kwenye mustari mbele ya watu wote wa ndege. Afisa alikuwa na adabu, hakunipigia kelele hata mara moja, na adabu hiyo njo ilinichosha zaidi juu hukuwa na mahali pa kuishika ili ulalamike. Chumba bila dirisha, viti vya chuma vimefungwa chini, saa 7 nzima. Nani analipa hoteli, mwalimu anaitwa nani, kwa nini wiki 3 na si 2, kwani kwenu hakuna shule? Walinihesabisha euro zangu juu ya meza. Maswali yale yale mara nne, watu watatu tofauti, na kila mara nilikuwa najisikia nageuka mwongo hata kama jibu halijabadilika neno moja.

Pembeni yangu alikaa papa mumoja wa Kananga, miaka karibu 60, koti yake ya harusi iko ndani ya nailoni ili isikunjike, alikuwa anaenda kumuoza mutoto wa dada yake. Barua ya kumualika alikuwa nayo, imepigwa kashe ya komini. Tuliongea kidogo, kiisha tukanyamaza.

Saa ya saba telefone ililia kwenye meza ya afisa. Ilikuwa mama wa ile shule ya formasio. Alikuwa amesimama kule inje tangu asubuhi na kibao chenye jina langu, sawa vile mimi nasimamaka Luano na majina ya wengine, na alichoka kungoja akaanza kutafuta nambari, akapiga huku na kule mpaka akafika pa huyo mutu, akauliza: mwanafunzi wetu iko wapi? Dakika kumi baadaye nilikuwa inje. Hawakukuta karatasi mpya kwenye dosie yangu, hawakujifunza kitu chenye hawakukijua asubuhi. Kilichobadilika ni kwamba sasa nilikuwa na mutu wa kuniulizia. Papa wa Kananga, dada yake pia alikuwa inje anangoja, ila dada hakuwa shule, hakuwa kampuni, sauti yake haikufika pa meza ile. Nilisikia kiisha, kwa njia ya watu wa Kasai wa kule, kwamba walimurudisha na ndege ya jioni, koti yake mukononi.

Wengi wanafikiri viza ni mulango umefunguliwa. Hapana. Sheria ya viza ya Schengen yenyewe inasema waziwazi kwamba kuwa na viza peke yake hakukupi haki ya kuingia. Afisa wa mpaka ana ruhusa ya kuuliza tena safari yako ni ya nini, utalala wapi, utakula nini, pesa iko wapi, na asiporidhika anakurudisha. Kila nchi inajiwekea nafasi kama hiyo, na mimi sikatai, mpaka bila macho ya mutu haupo. Lakini ni ndani ya nafasi hiyo, pale sheria inanyamaza na afisa anabaki na kichwa chake, njo "huyu ni wa nani" inaingia. Kabiro ketu ka Luano na kile chumba chao bila dirisha ni nyumba moja, ni rangi tu ya ukuta inatofautiana.

Mwezi wa 9 mwaka 2021 kijana wa Kikongomani alifika Zaventem, kiwanja cha ndege cha Brussels kule Ubelgiji, na viza ya masomo, ameandikwa kwa chuo kikuu cha UCLouvain. Polisi hawakuridhika na majibu yake. Wakamufunga kwenye Caricole, kituo cha kufungia wageni pale karibu na kiwanja cha ndege, karibu wiki mbili, huku masomo yanaanza. Alitoka juu chuo kilisimama nyuma yake, wanafunzi walisimama, magazeti yaliandika. Mimi nilifurahi kabisa siku ile, ila usiku nikajiuliza, na wale wenye hawakuandikwa na chuo chenye jina?

Na mara nyingine hata kuuliziwa na mutu mwenye uchungu wote wa dunia hakutoshi. Mwezi wa 8 mwaka 2002 mutoto wa kike wa Kikongomani, miaka 5, aliletwa Zaventem na mutu wa familia, bila makaratasi ya kuingia. Mama yake alikuwa amekubaliwa mukimbizi kule Kanada na alikuwa anatafuta njia ya kumuchukua. Mutoto alifungwa bila mutu wake karibu miezi 2 kwenye kituo cha watu wakubwa, mama akapewa nambari ya simu ya kupigia. Tarehe 17 October wakamupandisha ndege ya kurudi Kinshasa, na pa N'djili, kiwanja cha kule, hakukuwa hata ndugu mumoja wa kumupokea. Mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu iliihukumu Ubelgiji tarehe 12 October 2006, ikasema mutoto yule alitendewa unyama. Ni miaka 4 kiisha. Nina binti wa umri huo na kila nikisoma hukumu hiyo nasimama katikati, sifike mwisho kwa mara moja.

Sasa nitasema kitu chenye wenzangu hawapendi kusikia. Sisi Wakongomani tunateswa kwenye mipaka ya watu si juu ya ngozi peke yake, na si juu ya umasikini peke yake. Angalia Wanigeria. Tarehe 2 March 2012 Afrika ya Kusini iliwakatalia abiria 125 waliotoka Lagos, eti karti zao za chanjo ya homa ya njano haziaminike, ikawarudisha. Serikali ya Nigeria haikuandika barua ya kubembeleza. Ilianza kurudisha Waafrika Kusini kutoka viwanja vyake, ndege kwa ndege, na wiki haikuisha Afrika ya Kusini iliomba musamaha kwa mudomo wa serikali yake. Ngozi ile ile, bara lile lile, karti ile ile. Sitaki nchi ziwe zinalipizana kwa migongo ya abiria, wale Waafrika Kusini waliorudishwa hawakukosea kitu. Ila kila afisa wa Johannesburg siku ile alijifunza kwamba nyuma ya pasipoti ya kijani kuna mutu mwenye atapiga telefone.

Na juu ya karti ya njano nifungue mabano, maana watu bado wanalipishwa kwa hii kila siku. Tangu tarehe 11 July 2016 cheti cha chanjo ya homa ya njano kinafaa maisha yote ya mutu, ni kanuni ya Shirika la Afya Duniani, na inahusu hata karti za zamani zenye ziliandikwa miaka 10. Mutu akikuambia pa mpaka "hii imekufa, chanjwa tena ao toa kitu", anakudanganya, ao yeye mwenyewe alidanganywa na mukubwa wake. Mimi nilikuwa naona wageni wangu wanapita na karti za mwaka 1998 bila neno, na mama wa Likasi analipishwa kwa karti ya 2007. Nilinyamaza, nilikuwa na pasipoti za watu mukononi na kazi ya kulinda. Hiyo nimeibeba.

Je, Mukongomani nani anamuulizia? Mwaka 2014 Brazzaville, ile Kongo ya ng'ambo ya mto, ilifukuza ndugu zetu kwa operesheni yenye waliita "Mbata ya Bakolo", kofi la wakubwa, zaidi ya laki moja walivuka mto na mabegi juu ya kichwa, wengine walizaliwa kule. October 2018 Angola ilifanya "Operação Transparência" ndani ya jimbo la Lunda Norte, zaidi ya watu 300.000 walisukumwa kuingia Kasai ndani ya wiki chache. Watu walipoteza nyumba, mali, wengine uhai. Nani alipelekwa mahakamani kwa ajili yao? Sijaona.

Lakini mfano wenye unaniumiza zaidi hauko Angola wala Ulaya, uko hapa kwetu, na ni wa mugeni.

Ahmadou Sadio Diallo alikuwa Mwafrika wa Guinea, aliingia Kongo mwaka 1964, kijana, akafanya maisha yake yote huku. Mwaka 1974 alianzisha kampuni ya biashara, Africom-Zaire, na 1979 nyingine ya kubeba kontena, Africontainers-Zaire. Katikati ya miaka ya 80 na 90 alikuwa anadai deni kubwa kubwa, kwa serikali, kwa makampuni ya mafuta, na hata kwa Gécamines yetu ya hapa, kampuni ya migodi ya serikali. Tarehe 31 October 1995 waziri mkuu alisaini amri ya kumufukuza, eti mwenendo wake unaharibu utaratibu wa uchumi wa nchi. Tarehe 5 November wakamukamata. Siku 66 ndani, kiisha wakamuachilia kidogo, wakamukamata tena, na tarehe 31 January 1996 wakamupandisha ndege ya kumurudisha Guinea. Miaka 32 ndani ya nchi, na ile karatasi yenye walimupa pa kiwanja cha ndege haikuandikwa hata kufukuzwa. Iliandikwa "refoulement" juu ya kukaa bila ruhusa.

Wachache wanaona uzito wa neno hilo moja, kwa hiyo nitakaa hapo. Sheria yetu ya tarehe 12 September 1983 juu ya wageni inajua mambo mawili. Kuna kufukuza, expulsion, na hiyo inataka sababu ziandikwe na tume ya taifa ya uhamiaji iulizwe kwanza. Na kuna refoulement, kumurudisha mutu, ya haraka haraka, na hiyo mutu hana haki ya kukata rufaa. Basi ukibadilisha neno kwenye karatasi, umemunyang'anya mutu mulango wake wa mwisho bila kumupiga kofi hata moja. Mtu wa ofisi anajua hiyo, mugeni hajui. Nimeona michezo ya maneno kama hiyo kwenye gisheti mara mingi: "transiti" inageuka "sejuru", "vizita" inageuka "kazi", na kila neno lina bei yake.

Guinea ilimuulizia mutu wake. Ilituchukua Kongo mbele ya Mahakama ya Kimataifa kule The Hague mwezi wa 12 mwaka 1998. Tarehe 30 November 2010, miaka 12 baadaye, majaji walisema Kongo ilivunja haki zake: ilimufukuza kinyume cha sheria yake yenyewe, ilimufunga ovyo, na haikumuambia kwamba ana haki ya kuita ubalozi wake. Haki hiyo iko ndani ya mukataba wa Vienna wa 1963, kifungu 36, mugeni akikamatwa lazima aambiwe bila kukawia kwamba anaweza kujulisha konsila ya kwao. Watu wa Kongo walijitetea kwamba alielezwa kwa mudomo. Mahakama iliomba ushuhuda, hawakuwa nao. Tarehe 19 June 2012 Kongo iliambiwa ilipe dola 95.000, wakati Guinea iliomba zaidi ya milioni 11. Kwa miaka 32 na kampuni mbili, ni kidogo. Lakini ilikuwa pesa ya kuuliziwa. Guinea si tajiri kupita sisi. Ilikuwa tu na mutu mwenye alikataa kufunga dosie.

Nikisoma kesi hii nakumbuka Westafu wale wa kabiro ka pembeni, na naona aibu, maana ile haki ya kuambiwa "unaweza kuita ubalozi wako", ndani ya miaka tatu sikuisikia ikisemwa hata mara moja, na mimi nilikuwa nasimama mita 5 kutoka pale.

Kuna wenye watanijibu kwamba hii yote ni usalama. Kwamba Wakongomani nasi tunatengeneza makaratasi ya uongo, na hiyo ni kweli, nawajua. Kwamba nchi ina haki ya kuchunguza. Sawa. Lakini kama ni usalama, basi mutu wa kwanza wa kuchunguzwa ni yule wa klima, juu yeye hakuna mwenye alimuona sura! Miaka tatu, mamia ya pasipoti, sikuwahi kuona afisa anatoka kuangalia kama picha na mutu vinafanana. Ningeweza kuingiza mutu yeyote. Usalama wenye unamuacha apite mutu mwenye hakuonekana, na unamukausha saa 7 mutu mwenye alijibu kila kitu, huo unatafuta kitu kingine. Unatafuta mutu mwenye hakuna gharama ya kumusumbua.

Na hiyo njo inaonekana vizuri kupita mahali pengine pote pa Kasumbalesa, karibu kilometa 90 kutoka hapa. Dekre ya tarehe 28 March 2002 inaruhusu servisi 4 tu kufanya kazi kwenye mipaka ya Kongo: uhamiaji, forodha, OCC (wenye kukagua bidhaa) na usafi wa afya. Nne. Simama pale asubuhi moja na uhesabu zenye zinasimamisha watu, utazidisha vidole vya mukono mumoja kabla ya saa tatu. Kamio za shaba zinapanga mustari kilometa na kilometa, zinangoja kwenda Dar es Salaam, Durban, na mashofere, Watanzania wengi, Wazambia, wanalala chini ya trela, wanapikia barabarani, siku kwa siku. Shofere Mutanzania anatusikia Kiswahili chetu, anatuita ndugu, tumo pamoja ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na bado analipa karatasi zenye hazina jina. Kampuni ya shaba haisumbuke, shaba ina mutu wa kuiulizia. Shofere hana. Na mwezi wa 8 mwaka 2024, wakati Zambia ilifunga mpaka siku chache juu ya ugomvi wa biere na jusi, wakubwa waliongea kwa simu mpaka wakafungua, ila hakuna mwenye aliwauliza mashofere walikula nini siku zile.

Sitaki kumufanya kila mutu wa gisheti shetani. Nimekaa nao, nimekula nao bukari. Mushahara unakawia, haufike hata mwisho wa wiki mbili, na jioni mukubwa anangoja kitu, na mukubwa wa mukubwa pia. Mutu mwenye hana wa kumuulizia ofisini kwake anamugeukia mutu mwenye hana wa kumuulizia pa mustari. Hiyo naielewa. Kuielewa hakunifanye niiache.

Basi naomba vitu vidogo, vyenye mutu anaweza kufanya kesho. Ukirudishwa pa mpaka wa Ulaya, usisaini haraka; sheria yao ya mipaka inawalazimisha wakupe fomu ya kukataliwa, yenye sababu imeandikwa, na una haki ya kukata rufaa, omba ile karatasi na ubaki nayo. Ukikamatwa nchi yoyote ya watu, sema neno "konsila" kwanza na ulirudie. Andika saa na jina la afisa kwenye kaye. Kabla ya kutoka, acha kopi ya pasipoti na nambari ya ndege kwa mutu mumoja mwenye hataogopa kupiga telefone, na umuambie saa ngapi aanze kupiga. Na ukiwa hapa Lubumbashi, na uko na mudomo, na unaona mugeni anaingizwa kwenye kabiro, simama. Balozi zetu za inje nazo zinapaswa kujibu simu usiku. Kwa nini mutu wa Kolwezi aliye Pretoria ahesabu tu juu ya kanisa na shirika la ndugu?

Juma mbili zilizopita nilikuwa Kasumbalesa kwa mambo yangu. Mama mumoja Muzambia, kama miaka 50, alikuwa amesimamishwa na kasha zake mbili za tomati, na mutu wa servisi moja (sitaitaja) alikuwa ameshika pasipoti yake na anaizungusha kwenye vidole. Alikuwa anamuomba pesa ya "kutembea ndani ya wilaya". Hakuna kitu kama hicho. Mama hakusikia Kifaransa, Kiswahili chake kilikuwa cha soko tu, alikuwa anarudilia paka "please, bwana". Watu walikuwa wanapita. Mimi pia nilipita, nikafika kama mita 20, kiisha nikarudi.

Nikaomba kitansi. Nikasema tu, chefu, mama atalipa, ila muandikie kitansi, na uweke jina la servisi.

Aliniangalia kwa muda. Kiisha akauliza: "Na weye ni nani yake?"

Nikamuambia niko naye. Tulisimama pale karibu saa moja, jua kali, yeye anaenda anarudi, anaongea na telefone, mama amekaa juu ya kasha moja na mukono juu ya ile ingine. Mwisho alirudisha pasipoti bila neno. Tomati za juu zilikuwa zimeshaanza kupasuka. Mama alizichagua moja moja, akanipa sita nzuri ndani ya nailoni, akabeba zilizobaki, akaingia Kongo.